Kuifunga mota baiskeli ya kawaida na bado ikabaki halali barabarani: mwongozo kamili

Wengi huanza kwa kununua mota. Wanaona tangazo la wati 1,000, wanaagiza, wanafunga, na swali la sheria linakuja siku askari anapoinua mkono. Hapa tutaanza na sheria, kwa sababu tarakimu mbili tatu zilizomo ndizo zinazochagua mota, betri, kontrola (kisanduku kinachoipimia mota umeme), hata aina ya swichi inayokaa kwenye usukani. Ukishazijua, nusu ya vifaa vinavyouzwa vinajiondoa vyenyewe kwenye orodha yako kabla hujatoa hata senti.

Kazi yenyewe haihitaji fundi bingwa. Anayeweza kubadilisha tairi, kurekebisha breki na kusoma mita ya umeme ataimaliza katika siku mbili za mapumziko. Vinavyotaka uangalifu wa kweli ni viwili: ekseli ya mota na betri. Huko tutakaa zaidi.

Sheria inauliza nini

Maneno hutofautiana nchi kwa nchi, lakini maswali ni yale yale. Mota ina nguvu kiasi gani? Inaacha kusukuma kwenye mwendo upi? Je, inasukuma hata kama hunyongi? Na pedeli zinafanya kazi kweli, au ni pambo?

Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 168/2013, unaitambua kuwa baiskeli ile yenye mota isiyozidi wati 250 za mfululizo, inayosaidia tu wakati mtu ananyonga, inayopunguza msaada kadiri mwendo unavyopanda na kuukata kabla ya kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo inahesabiwa chombo cha moto, na mambo ya usajili, bima na leseni yanaingia. Uingereza ina wati 250 hizo hizo na ukomo wa maili 15.5 kwa saa, yaani kilomita 25, na mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Marekani ni walegevu zaidi: sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inataja nguvu chini ya wati 750 na mwendo chini ya maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, kwa nguvu ya mota peke yake. Majimbo mengi ya huko yamezigawa baiskeli hizi katika madaraja matatu. La kwanza husaidia anayenyonga hadi kilomita 32 kwa saa, la pili lina mkono wa kuongeza mwendo bila kunyonga na ukomo ni huo huo, la tatu husaidia anayenyonga hadi kilomita 45.

Japani ndio wakali kuliko hawa wote. Kule mota inaruhusiwa kuongeza mara mbili ya nguvu ya miguu yako hadi kilomita 10 kwa saa, kisha msaada unapungua taratibu mpaka kuisha kabisa kwenye kilomita 24. Maana yake ni kwamba baiskeli lazima ijue unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na vifaa vingi vya bei nafuu havina uwezo huo.

Kama nchi yako haijaandika kifungu mahususi cha baiskeli za umeme, usidhani uko huru. Mara nyingi ukimya huo unamaanisha kwamba tafsiri ya jumla ya chombo cha moto inaweza kukumeza: kitu chenye mota, kinachotembea barabarani. Ushauri wangu ni kujenga kwa kipimo cha wati 250 na kilomita 25, chenye kusaidia anayenyonga tu. Baiskeli ya namna hiyo ni rahisi kuitetea mahali pengi, na ukweli ni kwamba kwa safari za mjini inatosha.

Mitego mitatu hunasa watu walionunua kwa nia njema.

Wa kwanza ni mkono wa kuongeza mwendo, kama ule wa pikipiki. Seti nyingi huja nao ndani ya boksi. Ulaya na Uingereza, mkono unaosukuma baiskeli hadi mwendo kamili bila kunyonga unaitoa kwenye kundi la baiskeli. Kinachovumiliwa ni msaada wa kutembea nayo, hadi kilomita 6 kwa saa. Usiufunge kabisa. Kuuacha umefungwa bila kuunganisha waya kunamwalika askari akuulize maswali ambayo hukuyatarajia.

Wa pili ni betri ya volti kubwa. Mota nyingi za kwenye gurudumu huzunguka kwa kasi inayolingana na volti. Mota inayofikia kilomita 25 kwa volti 36 itafikia kama 33 ukiipa volti 48, ingawa kibandiko chake bado kinasema wati 250.

Wa tatu ni ile swichi ya kuondoa ukomo wa mwendo, inayouzwa kwa maelezo kwamba ni ya shambani na vichochoroni. Kinachoangaliwa ni uwezo wa baiskeli, na kudai kwamba leo hukuibonyeza hakutakusaidia.

Wati 250 ni ngapi hasa?

Namba iliyogongwa kwenye mota ni nguvu inayoweza kuibeba kwa muda mrefu bila kuungua. Kwa muda mfupi inavuta zaidi. Kontrola ya ampea 15 ikiwa na betri ya volti 36 inaruhusu hadi wati 540 kutoka kwenye betri, na ndiyo sababu mota "dogo" hupanda mlima bila aibu.

Tupige hesabu. Wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 100. Barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kwenda kilomita 12 kwa saa kunahitaji takriban wati 260 za kupambana na mvutano wa dunia peke yake. Miguu ya mtu wa kawaida inatoa 100 bila kuhema, mota inamalizia na bado ina akiba. Ukitaka kuupanda mlima huo kwa kilomita 25, utahitaji zaidi ya wati 540, na hapo ndipo watu wanapoanza kutamani mota kubwa. Punguza mwendo, nyonga. Utafika.

Baiskeli yako inafaa?

Uma wa mbele ndio wa kutazamwa kwanza kama mota itakaa mbele. Wa chuma cha pua au chuma cha kawaida unafaa. Wa alumini unawezekana kwa mota ndogo, ukiwa na vizuizi vya ekseli (mabamba ya chuma yanayoizuia ekseli isizunguke) pande zote mbili. Wa kaboni usiuguse. Wa springi unategemea: mianya ya ekseli kwenye uma za springi za bei rahisi mara nyingi imetengenezwa kwa aloi laini inayopasuka ghafla, bila kupinda kwanza ili kukuonya. Gurudumu la mbele likichomoka ukiwa kwenye mwendo, utaanguka kwa uso.

Breki zinafuata. Nguvu ya mwendo ambayo breki inapaswa kuimeza inakua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 18 hadi 25 kwa saa, mzigo wa breki unakaribia kuwa maradufu, na hapo hujaongeza kilo saba hivi za mota na betri. Breki za diski au breki ndefu za kubana rimu, zenye padi mpya na kebo mpya, zinatosha. Breki za fito za baiskeli za zamani hazitoshi.

Mengine ni ukaguzi wa kawaida. Fremu isiwe na nyufa kwenye maungio, beringi za usukani zisicheze, rimu isiyumbe, tairi lisiwe limechakaa kuta. Kama baiskeli imechoka, itengeneze kwanza au tafuta nyingine. Mota haiponyi baiskeli mbovu, inaiharakisha tu kufika mwisho wake.

Kisha pima. Upana wa ndani kati ya mianya ya ekseli: mbele huwa milimita 100 kwa baiskeli nyingi, nyuma 135 kwa zile za milimani na 130 kwa nyingi za barabara. Kipenyo cha gurudumu: inchi 20, 26, 27.5 au 28. Idadi ya gia za nyuma. Upana wa boksi la ekseli ya pedeli, ambao kwa kawaida ni milimita 68 au 73. Andika kila kitu, kwa sababu muuzaji atakuuliza.

Mota ya mbele, ya nyuma, au ya katikati

Mota ya gurudumu la mbele ndiyo rahisi kufunga. Unatoa gurudumu la zamani, unaingiza jipya lililokwisha kusukwa spoki na mota katikati yake. Gia na mnyororo haviguswi. Ubaya wake ni kuteleza kwenye changarawe na lami yenye maji unapopanda, kwa kuwa uzito mwingi uko nyuma.

Ya nyuma inashika barabara vizuri zaidi na fremu hubeba mzigo kuliko uma. Lakini pancha ya nyuma inakuwa kazi, na inabidi gia zako zioane na mota: zile za kuskrubu zinahitaji mota ya aina yake, zile za kuteleza kwenye mfereji zinahitaji nyingine.

Ya katikati hukaa kwenye ekseli ya pedeli na kupitisha nguvu yake kwenye mnyororo, hivyo inatumia gia zako. Mlimani haina mpinzani. Aina kama Bafang BBS01 na Tongsheng TSDZ2 zimezoeleka sana kwa kazi hii, na TSDZ2 ina kihisi kinachopima nguvu ya mguu. Gharama yake utailipa kwenye mnyororo na meno ya gia, ambavyo huisha mapema zaidi, na unahitaji zana za kutoa mikono ya pedeli na boksi lake.

Kwa anayefanya mara ya kwanza na haishi kwenye miinuko mikali, ningechagua mota ndogo yenye gia ndani yake, ya mbele, kwenye uma wa chuma. Ina kilo mbili hadi tatu, na ndani yake kuna friwili inayoiachia izunguke bure betri ikiisha. Zile zisizo na gia ndani ni nzito na huburuta, ingawa zinaweza kurudisha umeme kidogo unaposhika breki. Umeme huo ni kidogo kweli. Wauzaji huutia chumvi.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kulipa: mota imesukwa kwa gurudumu la ukubwa gani? Kwenye gurudumu la inchi 26, lenye mzingo wa kama mita 2.07, kilomita 25 kwa saa ni mizunguko 201 kwa dakika. Kwenye inchi 20 ni kama 260. Ukichukua mota ya mizunguko 260 ukaisuka kwenye gurudumu la inchi 28, umejipatia baiskeli ya kilomita 34 kwa saa bila kukusudia. Ukomo wa kontrola utaisaidia kuwa halali, lakini kuanza na mota iliyokusudiwa gurudumu lako ni bora kuliko kutegemea programu peke yake.

Betri: mahali pa kutofanya ujanja

Betri ya volti 36 ina safu kumi za seli za lithiamu. Ikijaa husoma volti 42, na ikikaribia 31 inafaa ikatwe. Ya volti 48 kwa kawaida ina safu kumi na tatu na hujaa kwenye 54.6. Chaja ya moja haifai kwa nyingine, hata kama plagi inaingia. Tena hasa kama inaingia.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Anayenyonga kwa bidii ya kawaida, kwenye barabara isiyo na milima mingi, hutumia wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita. Hiyo inakupa kilomita 40 hadi 60. Upepo wa mbele, mizigo na tairi lenye upepo mdogo hula sehemu kubwa ya namba hiyo.

Hapa kuna njia ya kumkamata muuzaji mwongo: mizani. Seli ya aina ya 18650 (milimita 18 kwa 65) ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora hubeba kama ampea-saa 3.5. Betri ya volti 36 inayodai ampea-saa 30 ingehitaji seli 90, yaani zaidi ya kilo nne bila kuhesabu kava. Ikiwa ina kilo mbili na nusu, kilichoandikwa ni ndoto.

Nunua betri iliyokamilika, yenye saketi ya ulinzi ndani na cheti cha usalama kinachoweza kuthibitishwa. Mji wa New York ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia kuuza betri za baiskeli zisizothibitishwa kwa kiwango cha UL 2271, baada ya moto kuua watu majumbani. Usijenge mwenyewe kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Najua wapo wanaofanya hivyo na hawajaungua. Seli moja iliyodhoofika ikipata shoti ndani hupasha jirani zake, na ukishaanza moto huo hauna kitufe cha kuuzima.

Saketi ya ulinzi iweze kutoa ampea nyingi kuliko kontrola inavyovuta. Kontrola ya ampea 15 na betri inayoruhusu 20 au 25 ni ndoa nzuri.

Zana na vifaa

Mbali na seti yenyewe (gurudumu lenye mota, kontrola, skrini, kihisi cha pedeli, mikono ya breki yenye swichi), utahitaji vizuizi viwili vya ekseli, fyuzi ya ampea 20 au 25 kama betri haina yake, mita ya umeme, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, funguo za pembe sita, tupa laini, spana ya spoki, vifungo vya plastiki na mpira wa kufunikia waya. Taa mbili, riflekta na kengele kama hazipo.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: gurudumu. Hamisha tairi na tyubu kwenda gurudumu jipya, na weka utepe wa rimu kabla, kwani vichwa vya spoki vipya hupenda kutoboa. Lizungushe hewani. Kama linayumba zaidi ya milimita moja mbili, lirekebishe sasa. Magurudumu yanayokuja na seti mara nyingi yamesukwa haraka na spoki zake hazina mkazo unaolingana.

Hatua ya 2: ekseli. Ekseli ya mota ina pande mbili bapa, kwa kawaida zenye milimita 10 kati yake, ilhali mwanya wa uma wa mbele mara nyingi ni milimita 9. Kwa uma wa chuma, piga tupa kidogo kidogo pande zote mbili mpaka ekseli iingie kwa kubana. Usiongeze kina cha mwanya. Ekseli ifike hadi mwisho wa mwanya pande zote. Ikibaki juu upande mmoja, gurudumu litakaa mshazari. Baadhi ya mianya ina kingo zilizoinuka kuzunguka, na washa (pete bapa ya chuma) pana itakalia kingo hizo badala ya chuma chenyewe. Weka washa ndogo inayoingia ndani kwanza, kisha ile pana.

Sasa vizuizi. Mota ndogo inaweza kutoa nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 40 kwenye ekseli. Ukigawanya kwa milimita 10 za upana wa ekseli, kuta za mwanya zinasukumwa kwa nguvu ya takriban uzito wa kilo 400, tena kila unapoondoka kwenye taa. Mwanya ukipanuka, ekseli inazunguka, inakata waya zake na kutupa gurudumu nje. Kizuizi ni bamba la chuma linalokumbatia pande bapa za ekseli na kufungwa kwenye mguu wa uma, milimita 100 mbali. Umbali huo hupunguza nguvu hiyo hadi kama kilo 40. Funga kimoja kila upande. Kaza nati za ekseli kwa Nm 30 hadi 40, au namba ya mtengenezaji wa mota kama ameitoa. Waya inayotoka kwenye ekseli ielekee chini kwanza kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota.

Hatua ya 3: breki. Rekebisha padi kwa rimu mpya, kwa sababu upana wake huenda umebadilika. Badilisha mikono ya breki na ile yenye swichi ya kukata umeme. Kama breki zako ni za mafuta, acha mikono yake na utumie swichi ndogo za sumaku zinazobandikwa juu yake.

Hatua ya 4: kihisi cha pedeli. Ni kisahani chenye sumaku 8 au 12 kinachozunguka na ekseli ya pedeli, na jicho linalokitazama kutoka kwenye fremu. Acha nafasi ya milimita moja hadi tatu kati yao. Kisahani kina mshale wa upande wa kuzunguka. Ukikigeuza, mota itasukuma unaponyonga kurudi nyuma, jambo linalochekesha hadi linapokutokea kwenye kona. Kwa mota ya katikati hatua hii haipo, kihisi kimo ndani.

Hatua ya 5: betri na kontrola. Mahali pazuri pa betri ni kwenye bomba la fremu linaloshuka kutoka usukani, chini na katikati. Kwenye keria ya nyuma baiskeli inakuwa nzito juu na hutikisika ukisimama kunyonga. Tumia matundu ya boliti za chupa ya maji kama fremu inayo, na ongeza bendi za chuma, maana boliti mbili hizo zilikusudiwa chupa, si kilo tatu. Kontrola ifungwe mahali penye upepo, waya zikitazama chini. Usiifunge kwa sponji ndani ya mfuko, hupata joto.

Hatua ya 6: waya. Betri ikiwa nje kabisa, unganisha mota, kihisi, breki na skrini. Plagi za siku hizi zina rangi na mishale, na kila moja inaingia mahali pake tu. Kama seti yako ina waya wazi, mota ina nyaya tatu nene za nguvu na tano nyembamba za vihisi vya ndani, ambapo nyekundu na nyeusi ni umeme wa vihisi. Acha ulegevu wa kutosha karibu na usukani, kisha pindua usukani kushoto na kulia hadi mwisho ukiangalia kama kuna waya unaovutwa. Kabla ya kuunganisha betri, pima kwa mita kwamba chanya iko upande wa chanya. Kuigeuza kwa sekunde moja kunaua kontrola. Unapoichomeka, fanya mara moja na kwa uthabiti; cheche ndogo ni ya kawaida.

Hatua ya 7: mipangilio. Kwenye skrini weka kipenyo cha gurudumu, ukomo wa mwendo (25, au namba ya sheria yako), volti ya betri, na ngazi za msaada. Kipenyo kikikosewa, skrini itakwambia unaenda 25 wakati unaenda 27, na mota nayo itaamini hivyo. Kama programu inaruhusu kufunga mipangilio kwa namba ya siri, ifunge. Kiwango cha Ulaya cha EN 15194 kinadai kinga dhidi ya kuchezea ukomo, na menyu inayofunguliwa na yeyote kwa kubonyeza vitufe viwili haiwezi kuitwa kinga.

Hatua ya 8: jaribio hewani. Inua gurudumu, nyonga kwa mkono. Mota ianze laini. Ikitetemeka bila kuzunguka, waya za nguvu au za vihisi zimepishana. Bonyeza breki ya kulia: ikate. Ya kushoto: ikate. Acha kunyonga: isimame ndani ya sekunde moja hivi. Kama mojawapo halifanyi kazi, usiingie barabarani.

Hatua ya 9: barabarani. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari, ngazi ya chini ya msaada, kofia kichwani. Nenda mita mia chache, shuka, gusa mota na nati za ekseli. Weka alama ya rangi kwenye nati na kwenye uma ili uone kwa jicho kama imesogea. Kisha pima mwendo kwa GPS ya simu badala ya kuiamini skrini: ongeza mwendo taratibu hadi uhisi msaada unapungua na kuisha. Kama unaisha baada ya 25, rudi kwenye mipangilio.

Kuifanya itambulike

Bandika kibandiko kisichofutika kinachosomeka kirahisi. Uingereza inataka kionyeshe nguvu ya mota au jina la mtengenezaji wake, na pia volti ya betri au mwendo wa juu. Mimi ningeandika vyote vinne popote nilipo. Askari akiona "wati 250, kilomita 25 kwa saa" juu ya fremu, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Hifadhi risiti, picha ya maandishi yaliyogongwa kwenye mota, na cheti cha betri, nakala moja ikiwa kwenye simu. Kama una bima ya nyumba au ya ajali, uliza kwa maandishi kama inafunika baiskeli iliyofungwa mota baadaye. Wengine wanakubali na wengine wanakataa, na jibu la mdomo halitakufaa siku ya kudai. Uliza pia mwajiri au mwenye nyumba kama anaruhusu betri ichajiwe ndani ya jengo.

Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, riflekta za pedeli na kengele vinadaiwa sehemu nyingi hata kwa baiskeli isiyo na mota. Kwa kuwa sasa unakuja haraka kuliko dereva anavyotarajia mtu wa baiskeli aje, washa taa hata mchana.

Kuchaji na matunzo

Chaja ya ampea 2 itajaza betri ya ampea-saa 14 kwa saa saba na ushee. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ngumu, mbali na pazia na godoro, na kamwe si kwenye ujia au mlango ambao ungeukimbilia moto ukitokea. Betri iliyotoka kwenye jua kali iache ipoe kwanza. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Lithiamu hujipaka ndani ya seli kama chuma na kuiharibu kimyakimya. Kama utaiacha wiki kadhaa, ibaki nusu hivi, si imejaa wala tupu.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu tamu ya kemikali, au iliyoanguka vibaya na sasa inapata joto bila sababu, itolewe nje ya nyumba na isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, toka, funga mlango, ita zimamoto.

Mvua ya kawaida haina shida kama plagi zimefungwa vizuri. Bomba la kuoshea magari lina shida, kwa kuwa maji yake hupenya kwenye beringi na kontrola. Osha kwa ndoo na kitambaa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, kagua alama za nati za ekseli, kaza tena boliti za betri, na bonyeza spoki mbilimbili kwa vidole ukitafuta iliyolegea. Spoki moja iliyolegea kwenye gurudumu la mota huvunjika na kuzipa jirani zake kazi ya ziada. Kagua tena kwenye 200, kisha kila mwezi. Padi za breki zitazame mara nyingi kuliko ulivyozoea, na mnyororo upime kwa kipimo chake; kwa mota ya katikati ubadilishe ukifikia urefu wa nusu asilimia zaidi, kabla haujala meno ya gia.